Piga Hodi Kabla ya Kuagiza

Hotuba kwa mkutano wa wakazi, Buruburu, Nairobi

Mwenyekiti, wazee wetu, akina mama, na ninyi vijana mlioacha mpira wa Jumamosi mkaja kutusikiliza, hamjambo?

Asanteni. Mmeitikia kwa sauti moja, na nimefurahi kuliko mnavyodhani. Nimefanya kazi nyuma ya kaunta miaka kumi na mitatu, kisha nyuma ya simu za wateja miaka sita. Hakuna neno nililolitamka mara nyingi kazini kama "hujambo", na nyingi sana kati ya hujambo zangu hazikurudi. Unamsalimu mtu, naye anakupitishia macho kama anavyoupita mlingoti wa stima.

Mwenyekiti ameniita kwa sababu ya jambo lililotokea getini kwetu mwezi uliopita. Wengi mmelisikia, kwa hivyo sitalirefusha. Mtoto wa miaka kumi, akiwa kiti cha nyuma cha gari, aliteremsha kioo akamwambia soja wetu wa usiku, "Wewe! Fungua!" Mzee yule ni rika la babu yake. Alifungua, hakusema neno. Aliyekuwa kwenye usukani alikuwa na simu sikioni na hakugeuka. Mimi nilikuwa naingia kwa miguu, mfuko wa nyanya mkononi, nikaona haya kana kwamba maneno yale yametoka kinywani mwangu.

Naomba tusimlaumu mtoto. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. "Wewe, fungua" hakuitunga yeye, ameiokota garini mwetu, madukani mwetu, mezani petu. Kwa hivyo leo nazungumza na sisi wakubwa.

Sisi ni watu tuliolelewa na hodi. Hata kama mlango uko wazi, hata kama unamwona mwenye nyumba ameketi anachambua sukuma, unasimama nje, unasema hodi, unangoja karibu. Ile hodi ndiyo inayomwambia aliye ndani kwamba unajua yupo. Sasa, kaunta ya duka ni mlango. Dirisha la ejenti wa M-Pesa ni mlango. Kibanda cha soja pale getini ni mlango, na simu ya mtu nayo ni mlango. Kila siku tunapita milango mingi hivyo, na karibu yote tunaingia bila hodi, simu ikiwa sikioni.

Kuna msemo kwamba mteja ni mfalme. Uliandikwa ukutani mahali nilipofanya kazi, na sijawahi kuupenda. Mfalme hapigi hodi kwa mtu. Mimi nasema mteja ni mgeni. Mgeni hukaribishwa, huwekewa kiti kizuri, huandaliwa kabla ya wenyeji kula. Lakini kubisha hodi ni kazi yake.

Niwape kisa kimoja, kwa kuwa kilinigharimu pesa.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, jioni, laini ya wateja imefika hadi kwenye rafu za unga. Keshia ana maswali yake matatu ambayo hawezi kuyakwepa. Una kadi ya pointi? Una mfuko? Hilo la mfuko tulilianza tarehe 28 Agosti 2017, siku marufuku ya mifuko ya plastiki ilipoanza kutekelezwa, na mpaka leo kuna wanaolichukua kama uchokozi. Kisha la tatu: utalipa keshi au M-Pesa? Mama aliyefika mbele yangu alikuwa anaongea na simu, ameibana kati ya shavu na bega. Nilipouliza la kwanza alinipungia mkono. La pili, akanipungia mkono vilevile. Nikafahamu kwamba hana mfuko, nikampigia mmoja kwenye mashine. La tatu hakulijibu. Alitoa noti pochini bila kuitazama, akaisukuma kwangu. Ilikuwa ya mia tano, nikamrudishia chenji ya noti hiyo.

Simu ikaisha, ugomvi ukaanza. Kwanza mfuko: nani alikuambia nataka mfuko? Kukifuta kitu kilichokwisha kupigwa kwenye mashine, keshia hawezi peke yake. Lazima msimamizi aje na kadi yake. Tukamngoja msimamizi, laini ikinung'unika. Kisha chenji: alisema amenipa elfu moja. Na hapa nami nilikosea, kwa maana noti nilikuwa nimeshaiingiza kwenye droo. Tangu siku hiyo, noti ya mteja niliilaza juu ya mashine mpaka amalize kuhesabu chenji yake. Mama yule hakuwa mwizi. Naamini kabisa kwamba alikuwa anasema anachokiamini. Shida ni kwamba noti yake mwenyewe hakuwa ameiona. Msimamizi akaamua apewe mia tano ili laini isonge. Usiku droo ilipohesabiwa ikapungua mia tano, na pale nilipofanya kazi pengo la droo lilikuwa mzigo wa keshia. Ile mia tano ilikuwa nauli yangu ya wiki nzima.

Wiki mbili baadaye nilimhudumia tena. Hakunitambua. Angenitambuaje, na hakuwahi kunitazama?

Najua mtu ananijibu moyoni: simu niiweke wapi na ndiyo ninayolipia? Ni swali la haki. Kabla ya Machi 2007, M-Pesa ilipoanza, pochi ilikuwa pochi na simu ilikuwa simu. Siku hizi kitu ni kimoja. Simu inatoka mfukoni kwa ajili ya kulipa, na ikishatoka inakutana na ujumbe wa grupu ya chama, na sauti ya shangazi kutoka Kakamega, na picha za harusi. Unaanza kulipa, unaishia kujibu. Nyuma yako kuna watu wanane, na mbele yako kuna mtu ameshika risiti iliyo nusu.

Dawa yake ni ndogo. Ukifika nafasi ya pili kwenye laini, mwambie unayeongea naye, "Nafika kwa keshia, nitakupigia nikitoka." Hakuna atakayekasirika. Nambari ya kulipia imebandikwa mahali pa kuonekana, basi uanze kuibonyeza huku bidhaa zako zinapigwa, usingoje jumla itajwe ndipo uanze kutafuta miwani. Ujumbe ukiingia, mwonyeshe keshia kwa kuigeuza simu upande wake, uishike kwa utulivu, usimsukumie usoni kama kadi nyekundu. Na akikuambia "ngoja kidogo, kwangu haijaingia", tafadhali ngoja. Hakushuku wewe. Wapo watu wanaotengeneza ujumbe wa uongo unaofanana kabisa na wa kweli, na keshia akidanganyika, yale mambo ya droo niliyowaambia yanamngoja usiku.

Kwa ejenti wa M-Pesa nina neno moja, hasa kwa wazee wenzangu. Usimtajie PIN yako, wala usimpe simu akubonyezee. Najua ni kwa kumwamini, lakini unamweka pabaya, kwa sababu pesa zikipotea kesho, wa kwanza kushukiwa ni yeye. Na ukituma pesa kwa nambari isiyo yake, usimpigie mwenye nambari ile usiku ukimwita mwizi kabla hajajua kilichotokea. Peleka ujumbe wa muamala kwa 456, nambari ya Safaricom wenye M-Pesa, uombe urudishiwe, kisha umpigie kwa adabu, ujitambulishe, umweleze. Nimewahi kuitwa mwizi hivyo saa tano za usiku, na pesa zenyewe nilikuwa hata sijaziona.

Hapo tuje kwenye kupiga simu kwenyewe. Walio wa umri wangu wanakumbuka vibanda vya simu vya Posta. Ulipanga laini na sarafu zako kiganjani, na ukiingia ulijua kuna watu nje wanakutazama kupitia kioo. Ulisalimu, ukasema lililokuleta, ukaaga. Hatukuwa na adabu zaidi ya vijana hawa, tulilazimishwa na laini na sarafu. Sasa laini haionekani na dakika ni za bei nafuu, basi adabu inabidi itoke kwetu wenyewe.

Kuna tabia moja hapa Nairobi inayonisumbua. Simu inalia, unapokea, na aliyepiga anakuuliza, "Naongea na nani?" Wewe ndiwe uliyebisha, bwana! Mtu anabisha mlangoni, mwenye nyumba akifungua anaulizwa, "Wewe ni nani?" Anayepiga ndiye wa kujitaja kwanza. "Hujambo, naitwa fulani, napiga kuhusu kitu fulani, una nafasi ya kuongea?" Hilo la nafasi msilisahau. Mtu anaweza kuwa msibani, anaweza kuwa anamwogesha mtoto.

Miaka yangu sita ya kupokea simu za wateja, kampuni sitaitaja, ilinifunza zaidi ya ile kumi na mitatu ya kaunta. Watu wanadhani ni kazi ya raha kwa kuwa tumekaa. Unavaa spika za masikio, mbele yako kuna saa inayohesabu sekunde za kila simu, na mwisho wa mwezi unaulizwa kwa nini zako ni ndefu. Mteja akikutukana huruhusiwi kukata. Unasikiliza mpaka achoke. Siku ya kwanza nilitukanwa na mtu aliyesema mama yangu alipoteza karo. Mama yangu aliuza mboga Muthurwa kunipeleka shule. Nilisema, "Pole kwa usumbufu, nikusaidie vipi?" kwa sababu hayo ndiyo maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi yangu. Kisha nikaenda msalani nikalia, nikarudi, saa ikahesabu hata dakika hizo.

Aliyepokea simu yako siye aliyekata huduma yako. Yeye anaona jina lako na nambari yako kwenye kompyuta, na vitufe vichache alivyoruhusiwa kubonyeza. Wengi wetu tulikuwa na namna ya kumsaidia mtu zaidi kidogo ya tulivyotakiwa: kumpigia mwenzetu wa ofisi nyingine, kuandika maelezo marefu, kufuatilia kesho yake. Hicho kidogo cha ziada hakimo kwenye karatasi, kinatoka moyoni. Mtu akianza na "Hujambo dada, unaitwa nani?" kinatoka chenyewe. Sisemi tulifanya vizuri kuwabagua walio wakali. Nasema ndivyo ilivyokuwa.

Ukipiga simu kama hizo, uwe mahali pa utulivu. Usipige ukiwa ndani ya matatu ya 58 muziki ukiwa juu, halafu ukasirike kwamba hukusikika. Uwe na kalamu, na karatasi yenye nambari yako ya akaunti. Nambari ndefu isome kwa mafungu. Tokeni ya stima ina tarakimu 20. Ukizisoma moja kwa moja kama unayekimbizwa, hakuna sikio litakalozishika, lakini ukizigawa nne nne, mnamaliza mara moja. Na ukiwa umekasirika sana, una haki, lakini ngoja chai ipoe kwanza.

Sasa jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote, na ningeomba wenye watoto wanaoendesha boda wanisikilize. Umeagiza chakula, au unangoja mzigo kutoka mjini. Dakika kumi zimepita, unampigia mwendeshaji: "Uko wapi?" Dakika tatu baadaye, tena. Mimi nilikuwa nimepakiwa kwenye pikipiki Jogoo Road jioni moja ya mvua, simu ya kijana aliyenibeba ikalia. Hakusimama. Aliisukuma ndani ya kofia yake ya chuma, kati ya shavu na sponji, akaendelea kwa mkono mmoja wakati ule wa kuisukuma, katikati ya basi na lori. Nikasikia sauti ya mwanamke ikitoka mle ndani ya kofia: "Si ulisema uko karibu?" Ikalia tena tukiwa kwenye mzunguko wa City Stadium. Nilipomwambia aache kupokea, aliniambia, "Nisipopokea, mama, atasema sijafika, na atanipa nyota moja."

Tangu siku hiyo simpigii mwendeshaji akiwa njiani. Kabla hajaondoka namtumia maelezo yote kwa ujumbe: geti la rangi gani, kinyozi yupi wa kupita, nitakuwa nimesimama wapi. Akikosea njia atasimama mwenyewe anipigie. Chakula kilichopoa kinapashwa moto.

Kwenye hoteli, nitataja mambo ambayo mmeyaona. Kuita weita kwa "kss, kss". Kss ni ya kufukuza kuku. Mwite dada, mwite kaka, akiwa mtu mzima mwite mama au mzee, na akiwa na jina kifuani, jina hilo limebandikwa ili litumike. Kuna na wanaoweka simu mezani, sauti nje, meza zote tano zinajua mgogoro wa shamba la familia yao. Weita anasimama pale na sahani ya moto, haoni pa kuiweka, hathubutu kukatiza.

Lakini linaloniuma zaidi ni la nambari. Umependezwa na huduma, umetaka kumpa mhudumu bahashishi, ukaomba nambari yake ukamtumia shilingi mia. Hapo umefanya jema. Kisha saa nne usiku unampigia: "Umenikumbuka?" Binti wa jirani yangu anafanya kazi hiyo, na amebadilisha laini ya simu mara mbili. Nambari aliyokupa ilikuwa ya bahashishi. Hata ile unayoiona kwenye kitabu cha ejenti, au kwenye daftari la wageni la soja, haikuandikwa kwa ajili yako. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Katiba ya 2010 inalinda faragha katika kifungu cha 31. Ila mtu mzima asingoje sheria katika hili.

Kifungu cha 28 cha Katiba hiyo hiyo kinasema kila mtu ana utu wake wa asili na haki ya utu huo kuheshimiwa na kulindwa. Nakitaja kwa sababu ya kamera. Mhudumu akikosea kidogo, simu zinainuliwa, anarekodiwa akigugumia, na kabla zamu yake haijaisha mji mzima umemcheka. Mwenzangu mmoja alirekodiwa hivyo. Kosa lake lilikuwa kumjibu mteja kwa ukali baada ya kusimama saa tisa bila kuketi. Alijibu vibaya, ni kweli. Mtoto wake wa darasa la sita aliiona video hiyo shuleni kabla mama hajafika nyumbani kueleza.

Nasikia mmoja pale nyuma anasema, "Na wao je?" Anasema kweli. Kuna keshia anayetafuna ubani akitazama simu yake huku wewe umesimama. Kuna kondakta anayekutukana kwa kuomba chenji yako, kuna soja anayejifanya hakuoni mpaka utoe kitu. Sikuja kuwatetea hao. Mhudumu aliye kwenye simu yake wakati mgeni amebisha ametenda kosa lilelile ninalolisema hapa. Lalamika. Ila lalamika kwa msimamizi, kando, ukitaja kilichofanyika na saa kilipofanyika, bila kumtaja mama yake. Nimekaa upande wa kupokea malalamiko, na nawahakikishia kwamba ya namna hiyo ndiyo yaliyofuatiliwa. Ya kelele yaliandikwa "mteja alikuwa na hasira", yakafungwa.

Kuna wanaoogopa kwamba ukimwambia mhudumu "naomba" au "tafadhali" atakupanda kichwani. Wazee walishasema heshima si utumwa. Sikilizeni lugha yetu yenyewe: "nipe chai" na "naomba chai" zinachukua pumzi ileile. "Leta maji" na "niletee maji, dada" zinatofautiana kwa silabi chache tu. Mama mboga wangu pale barabarani, ukimwambia "nikatie sukuma ya ishirini, mama, na pole kwa jua", anaichambua upya akuondolee majani ya manjano. Ila ukimjia simu ikiwa sikioni na kidole kikionyesha fungu, utapewa fungu ulilolionyesha.

Sasa nirudi getini, kwa kuwa ndiko tulikotoka. Niliuliza watu kumi na wawili wa mtaa huu jina la soja wetu wa usiku. Watatu walilijua, na wawili kati yao ni watoto. Mzee huyu ameniruhusu niwaambie haya, ila jina lake aliniomba mje mmwulize wenyewe. Anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Anajua magari yetu yote kwa mlio. Usiku ule mvua ilipofurika mtaro wa nyuma, ndiye aliyepita akigonga milango ya chini mmoja mmoja, na alipogonga kwangu, katika mvua ile, alisema hodi.

Ninachoomba kamati ikubali leo ni vitu viwili. Tukifika getini tushushe kioo na tushushe simu, tusalimu, ndipo tufunguliwe, na honi ikae kimya baada ya saa moja usiku. Cha pili, ile thamosi ya chai ambayo nyumba tatu zimekuwa zikipeleka kwa zamu, iwe ya mtaa mzima, na orodha ibandikwe hapa ukutani.

Mtoto niliyemtaja yuko hapa na mama yake. Wamekuja wenyewe, na mama aliniambia niseme hivyo. Saa yangu inaonyesha kumi na mbili kasoro dakika kumi, na mzee anafika mapema kila siku. Mwenyekiti akishafunga mkutano, sisi watatu tunapitia getini, na thamosi ya leo ninayo mimi. Anayetaka kufuatana nasi, karibu.